Mandolini ya umeme: nyuzi 4, 5, 8 au 10? Soma hapa kabla hujatoa hela

Wakuu, naandika hii kwa sababu nimechoka kurudia. Haipiti wiki bila kupata voisi ya dakika nne kutoka kwa mtu anayetaka mandolini ya umeme, na swali ni lilelile, "kaka, nichukue ya nyuzi ngapi?" Mmoja yuko Mbagala, mwingine Tegeta, mwingine anarekodi akiwa ndani ya daladala namsikia konda nyuma yake anagonga bati. Nimejibu mpaka mdomo umekauka, sasa leo naweka yote sehemu moja na kuanzia kesho anayeuliza namtumia hii, tusilaumiane.

Kitu kimoja kwanza kitoke kichwani. Nyuzi nyingi siyo ubora. Hii siyo simu useme yenye kamera nne lazima iwe kali kuliko ya kamera mbili. Kuna jamaa yangu aliuza ya nyuzi 4, nzuri kabisa, akaongeza hela akachukua ya 8 akijua kapanda daraja, miezi mitatu baadaye anaitafuta ileile ya 4 na aliyemuuzia hataki hata kusikia.

Kwa aliye mgeni kabisa: mandolini ni chombo kidogo cha nyuzi kama gitaa dogo, na ina sauti nne za msingi, kuanzia uzi mnene kwenda mwembamba ni G, D, A, E, sawasawa na fidla. Kama unapiga besi una bahati, EADG ya besi ukiisoma kwa kurudi nyuma ndo GDAE hiyohiyo. Ya nyuzi 8 ni sauti hizohizo nne ila kila uzi una pacha wake pembeni, wote wawili sauti moja. Waliowahi kushika udi hawashangai maana nyuzi za udi nazo zinakaa jozi jozi, ule mnene kuliko wote tu ndo mara nyingi unakaa peke yake. Ya nyuzi 4 pacha hawapo. Ya 5 ni hizo nne ukaongeza C nene, chini yake kwa sauti. Ya 10 ni hiyo ya 5 na pacha wake wote. Nadharia imeishia hapo, mengine ni kazi ya mikono.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Mandolini yoyote ya nyuzi 8, hata ya kuazima, hata isiyo ya umeme. Hii ndo maabara yako.
- Tyuna, kile kifaa kinachokuonyesha uzi uko kwenye noti gani, ile ya kubana kwenye kichwa cha mandolini ndo nzuri. Ya kwenye simu inafaa ila kelele za mtaani zinaichanganya.
- Seti moja ya nyuzi za gitaa la umeme, zile tunaita "za kumi", pakiti imeandikwa 10 mpaka 46, ndo unene wa nyuzi, mwembamba mpaka mnene.
- Plaizi ndogo, penseli ya kawaida, kitambaa kikavu cha pamba.
- Miwani, ya jua hata ya kusomea. Usicheke, nitaeleza.
- Amplifaya utakayotumia kweli, siyo ile ya dukani inayomfanya kila mtu asikike fundi.
- Nyimbo tatu unazotaka kupiga ndani ya mwezi huu. Siyo ndoto za miaka kumi, mwezi huu.

Hatua ya 1: Angalia mkono wako wa kulia unataka kufanya nini

Watu wengi wanaanza na "napenda mlio gani", hapo ndo wanapopotea, maana mlio wa kwenye video ni amplifaya na chumba na fundi mitambo aliyekaa masaa mawili anasawazisha. Wewe chukua zile nyimbo tatu, usikilize sehemu ya mandolini au sehemu ya gitaa unayotaka kuichukua, halafu jiulize mkono unafanya nini.

Sauti ya mandolini haikai. Ukigonga uzi mara moja unasikia ti! imekwisha. Kwa hiyo ukitaka noti ikae unagonga uzi uleule haraka haraka juu chini juu chini mpaka inakuwa kama sauti moja inayotetemeka, hiyo inaitwa tremolo. Kama nyimbo zako ni za taratibu, unasindikiza mwimbaji au kwaya na tremolo ndo chakula chako cha kila siku, pacha wana maana, nyuzi mbili kwa pamoja zinajaza ile nafasi.

Ila kama wewe umetokea kwenye gitaa la solo, muziki wa dansi, gospo ya mapambio ya moto, unataka kuchombeza mistari ya haraka na kuvuta uzi ili noti ipande, pacha watakutesa. Ukivuta jozi nyuzi mbili hazipandi sawa, moja inatangulia nyingine inachelewa, kinachotoka pale ni kilio cha paka. Hapo unataka uzi mmoja mmoja, yaani 4 au 5.

Anayetaka vyote viwili, na najua ndo wengi wenu, anza na uzi mmoja mmoja. Ukihitaji unene wa pacha kuna pedali ya korasi, kifaa cha kukanyaga kinachofanya uzi mmoja usikike kama wawili, inadanganya vizuri tu. Lakini pedali ya kumfanya pacha aache kuwa pacha mimi sijaiona.

Hatua ya 2: Fanya jaribio la bure, toa pacha wanne

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo muhimu kuliko zote. Kabla hujanunua chochote, chukua ile ya nyuzi 8 ya kuazima uigeuze ya nyuzi 4 kwa wiki moja. Mwambie mwenyewe kwanza, tusije tukagombanishwa.

1. Legeza uzi mmoja tu, utoe, uuzungushe uwe kama bangili, uubandike karatasi umeandika ni wa wapi. Kisha nenda wa pili. Usilegeze zote kwa mkupuo. Kwenye mandolini nyingi daraja, kile kipande cha mbao kinachonyanyua nyuzi juu ya tumbo, halijagundishwa, linashikiliwa na mvuto wa nyuzi wenyewe. Zikilegea zote linaanguka na ukilirudisha sehemu siyo, kila noti ya juu itakuwa ya uongo.
2. Kwenye jozi ya E bakiza uzi wa ndani, utoe wa nje. Ukibakiza wa nje, kidole kikiuvuta kidogo unateleza unatoka nje ya freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, kabisa. Kwenye G fanya hivyohivyo, bakiza wa ndani. D na A bakiza wowote ule, angalia tu nafasi zisipishane sana.
3. Weka alama ya penseli, nyepesi, pale daraja lilipokaa, ili ukiligusa bahati mbaya ujue kwao ni wapi.
4. Tyuni upya. Itapanda yenyewe kidogo, usiogope, mvuto umepungua nusu kwa hiyo shingo na tumbo vimepumua. Nyuzi 8 za kawaida zikikazwa zinavuta kama kilo 70 hivi kwa pamoja, uzito wa mtu mzima, na wewe umeshusha nusu yake.
5. Piga siku saba. Zile nyimbo tatu, hizohizo, usiongeze nyingine.

Mwisho wa wiki utakuwa na moja ya majibu mawili. Utasema "mbona iko tupu hivi, sauti imekonda" au utasema "kumbe vidole vyangu vilikuwa vinaonewa". Hilo ndo jibu lako na halijakugharimu shilingi.

Wapo pia wanaopenda nusu nusu, wanaacha pacha kwenye E na A ila G na D wanabaki na uzi mmoja mmoja. Jaribu siku moja ukitaka, kwa tremolo ya juu inapendeza, mimi ilinichanganya mkono.

Hatua ya 3: Ipige kwa sauti kubwa na kwa uchafu

Nyumbani kila mandolini ni tamu. Tatizo linakuja ukiiwashia disto, ile pedali ya kukwaruza sauti makusudi, au hata bila disto ukiwa umefungua amplifaya mpaka inaanza kukwaruza.

Elewa hivi. Uzi wa A ni mitetemo 440 kwa sekunde. Pacha wake akiwa 442, utasikia sauti inapwita, wa wa wa, mara mbili kila sekunde. Bila amplifaya ni utamu, ndo ule mng'aro wenyewe wa mandolini. Ukiweka disto ule mpwito unakuzwa na unachafua noti nzima, na ukipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa mpigo, ya noti tatu zenye nyuzi sita unapata sauti ya jenereta.

Mimi nilijifunza hili mbele za watu. Harusi, ukumbi mmoja hapa mjini, mwezi wa pili, joto lile la Dar mnalolijua. Nimetyuni nje kwenye maegesho shati limenigandia mgongoni, nane zote zimekaa sawa, nikajipongeza. Tukaingia ndani, jukwaa liko chini ya kiyoyozi, kinapuliza moja kwa moja kwenye shingo ya mandolini. Wimbo wa kwanza sawa. Wimbo wa pili ndo wa kuingiza keki, nimepewa kufungua mimi, disto kidogo kwa mbwembwe, nikagonga kodi ya kwanza ya G na mpiga besi akageuza kichwa taratibu akaniangalia kama mtu aliyesikia harufu. MC akachukua maiki, "fundi mitambo tuangalizie spika huko." Spika! Spika haikuwa na kosa lolote, pacha wangu wa D na wa A walikuwa wameshaachana. Nilimalizia ule wimbo kwa uzi wa G peke yake.

Kwa hiyo ukifanya jaribio la hatua ya 2, siku moja lazima uende mazoezini na bendi nzima, ngoma zikiwepo. Piga na nyuzi 8 siku moja na 4 siku nyingine. Mwambie mtu akurekodi kwa simu akiwa amekaa mwisho wa chumba, siyo mbele yako.

Hatua ya 4: Amua kuhusu uzi wa tano

Ukishaona uzi mmoja mmoja ndo wako, swali linalobaki ni 4 au 5. Hapa ndo penye utamu na nitakaa kidogo.

Uzi wa tano ni C, chini ya G. Unakupa sehemu ya chini ambayo mandolini ya kawaida haina, unaweza kusindikiza mwimbaji wa kiume bila kuonekana unamlilia kichwani, na solo ikishuka inakuwa na pa kutua. Na siyo kitu cha jana. Kule Marekani Tiny Moore, aliyepiga na bendi ya Bob Wills, alitengenezewa na fundi Paul Bigsby mandolini ya umeme ya nyuzi 5 mwaka 1952, na kampuni ya Fender walipotoa ya kwao mwaka 1956 wakaweka 4 bila pacha. Gibson wao walikuwa na ya umeme yenye nyuzi 8 tangu miaka ya 1930. Yaani huu ubishi wa nyuzi ngapi umeanza kabla babu zetu hawajavutiwa umeme nyumbani.

Nenda India kuna mpigaji U. Srinivas, aliyezaliwa 1969 akafariki 2014. Huyu alichukua mandolini ya umeme akapigia muziki wa Karnataki, muziki wa jadi wa India ya kusini ambao noti inateleza na kupinda muda wote, na mandolini yake ikaja kuwa ya nyuzi 5, mmoja mmoja. Kamsikilize halafu uniambie pacha wangemsaidia nini pale. Brazili, mji wa Salvador, wanamuziki Dodô na Osmar walianza na kifaa cha namna hii miaka ya 1940 wakakipandisha juu ya gari wakazunguka nacho mitaani wakati wa karnivali, nyuzi zikiwa 4. Ni mtoto wa Osmar, Armandinho, ndo aliyekuja kuongeza wa tano, na leo kinaitwa guitarra baiana. Ukiangalia wapiga solo hao utaona njia ni moja, mtu anataka solo isikike juu ya bendi, anatoa pacha, halafu anatamani kushuka chini anaongeza uzi wa tano.

Sasa hasara zake, maana wauzaji hawasemi.

C kwenye shingo fupi ni uzi mlegevu. Mandolini ya kawaida urefu wa uzi kutoka nati, kile kipande chenye mifereji kinachopitisha nyuzi karibu na kichwa, mpaka daraja ni kama sentimita 35, gitaa ni 63 na kuendelea. Ili C ishuke kwenye urefu mdogo namna hiyo lazima uzi uwe mnene, na uzi mnene mfupi unakuwa kama kamba ya kuanikia nguo, ukiugonga kwa nguvu unapanda sauti halafu unarudi. Unazoeleka, ila kwa wiki mbili za mwanzo utaona umenunua kitu kibovu.

Pili, macho. Aliyezoea nyuzi 4 akiangalia chini anahesabu kuanzia uzi wa juu kabisa, na sasa huo uzi siyo G tena. Utapiga kodi za ajabu mpaka mkono ukubali.

Tatu, nafasi. Shingo ya mandolini pale kwenye nati ina upana wa milimita 28 au 29 hivi. Nyuzi 5 hapo na vidole vya mtu anayebeba viroba ni msongamano wa Mwendokasi saa kumi na moja jioni. Uliza upana wa nati kabla hujanunua, ikizidi kidogo hapo ni nafuu.

Nne, mpiga besi wako na wa rizimu. Kama bendi ina magitaa mawili na kinanda, kule chini kumeshajaa, hiyo C hakuna atakayeisikia. Ukiwa unapiga na watu wawili watatu tu, hapo C inalipa.

Ushauri wangu mimi: anayetoka kwenye fidla au anayeanza kabisa achukue 4. Anayetoka kwenye gitaa achukue 5, maana ukimnyima uzi wa chini ataulalamikia kila siku. Na ya 10? Nyuzi kumi, funguo za kukazia nyuzi kumi, C mbili zilegevu zinazotakiwa kulingana. Ni kifaa kizuri kwa mtu aliyekomaa anayepiga peke yake ametulia. Anayeanza sijawahi kumshauri na leo sianzi.

Hatua ya 5: Hesabu nyuzi, siyo bei ya mandolini

Hapa Dar seti ya mandolini kuipata ni bahati, unaweza kuzunguka Kariakoo asubuhi nzima ukaambiwa "njoo wiki ijayo". Nyuzi za gitaa la umeme zipo kila duka la vyombo. Kwa hiyo chagua mandolini ambayo utaweza kuivisha kwa nyuzi za gitaa.

Seti ya kumi ina 10, 13, 17, 26, 36, 46. Zipange hivi:

- E weka 10
- A weka 13
- D weka 26
- G weka 36
- C, kama ni ya nyuzi 5, weka 46

Ile 17 weka pembeni, usiiweke kwenye D, italegea na sauti itakuwa ya mpira. D ya 26 itakuwa ngumu kidogo kidoleni na C ya 46 itakuwa laini, ukipata duka linalouza uzi mmoja mmoja chukua 24 kwa D na 50 au 52 kwa C, hapo umekaa vizuri. Seti moja ya gitaa inavisha mandolini ya 4 au ya 5. Ya 8 inataka seti mbili kila mara. Na pacha mmoja akikatika unabadilisha wote wawili, mpya na mkongwe hawaendani, mlio mmoja unang'aa mwingine umefubaa.

Usisahau kutu. Hapa chumvi ya bahari na jasho vinakula uzi mwembamba mapema sana, kwa anayekaa Kigamboni ndo usiseme. Kila ukimaliza kupiga pitisha kitambaa kikavu juu na chini ya kila uzi. Kwenye nyuzi 4 unamaliza ukiwa unaongea, kwenye 8 kitambaa hakiingii katikati ya pacha na kutu inaanzia hapohapo.

Angalizo la miwani: nyuzi za gitaa zina kishanga cha shaba mwishoni, na mandolini nyingi pale chini zinataka kitanzi kitupu cha kuning'iniza kwenye ndoano. Unakibana kile kishanga na plaizi mpaka kipasuke, kinachobaki ni kitanzi. Kile kishanga kikipasuka kinaruka kama risasi. Vaa miwani, funika na kitambaa, watoto wakae mbali. Kimoja kilinigonga juu ya nyusi na nilikuwa najiona mjanja.

Hatua ya 6: Kagua kabla hujalipa

Ukiwa dukani au kwa mtu anayeuza, fanya haya bila aibu, hela ni yako.

1. Angalia pikapu. Namaanisha ile sumaku chini ya nyuzi, siyo gari. Kuna zenye vichwa vidogo vya chuma, kila kichwa na uzi wake, na kuna zenye ubapa mmoja mrefu wa chuma unaopita chini ya nyuzi zote. Ya ubapa inakubali idadi yoyote ya nyuzi. Ya vichwa lazima vilingane, nimeona mandolini ya nyuzi 4 imewekewa pikapu ya gitaa ya vichwa sita, uzi wa A unapita katikati ya vichwa viwili na unasikika kama uko chumba cha pili.
2. Chomeka kwenye amplifaya, gonga kila uzi kwa nguvu moja. Ukisikia mmoja umezama, uliza kwa nini.
3. Uliza nyuzi zilizopo ni za nini. Nyuzi za shaba za mandolini isiyo ya umeme zinasikika dhaifu kwenye sumaku kwa sababu sumaku inasikia chuma, shaba haiisikii. Kabla hujasema pikapu mbovu, badilisha nyuzi kwanza.
4. Piga uzi mtupu, yaani bila kuubana kwa kidole, halafu uleule kwenye freti ya 12. Tyuna iseme herufi ileile. Ikipanda au kushuka sana na daraja halisogei, achana nayo.
5. Zungusha kila ufunguo. Nane nzima ni kazi, lakini mmoja ukikwama siku ya shoo hutaamini.

Hatua ya 7: Nunua, au badilisha uliyonayo

Kutoka 8 kwenda 4 ni ruksa. Ukishaamua kabisa, mpelekee fundi magitaa atengeneze nati mpya ya mifereji minne iliyokaa kwa nafasi nzuri, basi. Mbao ngumu kama mpingo inafaa, mfupa unafaa pia. Ile nati ya zamani usitupe, kesho ukiuza mnunuzi ataiulizia.

Kutoka 4 kwenda 8, usifanye. Najua fundi atakwambia inawezekana. Kutoboa matundu manne ya funguo anaweza hata mtengeneza kabati wa Keko. Shida ni kwamba unaibebesha shingo mvuto mara mbili ya ule ilioundwa kubeba, na nafasi ya pacha kwenye nati hamna. Niliwahi kuletewa moja ya hivyo, imepinda unaweza kurushia mshale.

Kutoka 4 kwenda 5 ni katikati. Mvuto unaongezeka kidogo tu, ila upana wa shingo na pikapu ndo vinaamua. Pima nati kwa rula kwanza. Ikiwa finyu, uza ununue nyingine.

Ukikwama

*Tyuna inacheza, haikai kwenye herufi.* Una nyuzi pacha na zote mbili zinalia. Ziba mmoja kwa kidole, tyuni mwenzake, halafu achia na umsogeze wa pili kwa sikio mpaka ule mpwito wa wa wa upungue mpaka uishe. Daima toka chini ukipanda juu, ukipitiliza shuka uanze tena, uzi ulioshushwa unaendelea kushuka wenyewe.

*E inakatika kila ukikaribia sauti yake.* Mara nyingi mfereji wa nati una ncha kali au una mchanga. Sugua risasi ya penseli ndani ya mfereji, ule unga mweusi ni grisi tosha. Ikiendelea kukatikia palepale, kuna ncha kwenye daraja au kwenye ufunguo, fundi aipige msasa laini.

*C inagonga freti, inazizima kama nzi kwenye chupa.* Kwanza punguza nguvu za mkono, umetoka kwenye gitaa unaipiga kama unadai. Bado? Weka uzi mnene zaidi. Bado? Nyanyua daraja kidogo upande wa C tu.

*Noti za juu zimepanda kuliko inavyotakiwa.* Daraja limesogea kuelekea shingoni. Lirudishe nyuma taratibu, milimita kwa milimita, ukilinganisha uzi mtupu na freti ya 12. Ndo maana nilisema uweke alama ya penseli.

*Kuna ngurumo, nikishika nyuzi inapungua.* Hilo siyo suala la idadi ya nyuzi. Ikipungua ukishika, kelele zinatoka kwenye taa za mwangaza au chaja iliyo karibu na pikapu, hama hapo, chomoa chaja. Kama haipungui hata ukishika, waya wa ardhi ndani umeachia, fundi wa redio anaulehemu dakika tano. Ila ukishika nyuzi ukagusa maiki na ukapigwa shoti, hata kidogo tu, zima amplifaya na usiendelee na shoo mpaka umeme wa ukumbi uangaliwe, huo ni wa kuua mtu.

*Nimetoa pacha na sasa sauti imekonda sana.* Subiri. Piga wiki nzima. Ongeza besi kidogo kwenye amplifaya, punguza ile kali ya juu, tumia piki, kile kipande cha kugongea nyuzi, nene isiyopinda. Kama siku ya nane bado unawakumbuka, wako kwenye ile karatasi uliyoandika jina, warudishe mmoja mmoja ukianzia na G.